Tangi la Fundi Friji

Mtaani walimwita Fundi Friji, na nyumbani mkewe alimwita Fundi tu, tangu uchumba. Alikuwa mtu mrefu, mikono imekauka kwa gesi na barafu, na kila alichokipenda duniani kilikuwa na bomba la shaba ndani yake. Friji, mashine za barafu, vyumba vya baridi vya wauza nyama, vyote aliviponya kwa shaba. Aliikata, akaikunja, akaichomelea, akaifuta kwa kitambaa mpaka ikang'aa. Shaba haina unafiki, alikuwa akisema. Chuma kitakuchekea leo na kesho ukikute kimeliwa na kutu, lakini shaba unaikuta ulivyoiacha.

Mkewe alikuwa karani wa posta. Alikaa nyuma ya kioo cha dirisha la stempu tangu usichana mpaka akastaafu, na mji mzima ulimpitia pale, wenye barua na wasio na barua. Fundi alikuwa wa kundi la pili. Alinunua stempu kila wiki na hakuwa na mtu wa kumwandikia. Siku moja yule karani alimtazama kuanzia utosini, hakumpa stempu, akamwambia dirisha limefungwa, arudi kesho. Ilikuwa asubuhi na foleni imefika mlangoni. Watu wakacheka, na Fundi naye akacheka, akarudi kesho, na keshokutwa, hadi wakaoana.

Wakazeeka vizuri, kama watu wanavyozeeka wakijaliwa. Halafu kiharusi kikampiga mkewe, mama wa nyumba ile, upande wa kulia. Kilimwachia akili yote na ulimi kwa sehemu kubwa, ila mdomo ulishuka upande mmoja na mguu ukagoma kabisa. Kitanda chake kikahamishiwa chumba cha nyuma ya sebule, maana ndicho kilichokuwa karibu na bafu. Kati ya kitanda na sebule palikuwa na ukuta mmoja wa matofali, umepakwa rangi ya maziwa, hauna hata picha.

Wageni walikuwa wengi. Wenzake wa posta walikuja na matunda, majirani wakaja na pole zao. Fundi aliwakalisha sebuleni, akawapa chai, na walipomuulizia mgonjwa akawajibu kwa sauti ya chini kwamba amelala. Mara nyingi hakuwa amelala. Si kwamba Fundi alikuwa mwongo. Mwanzoni kabisa alimwona mgeni mmoja akitoka chumbani huku anafuta machozi, akaapa kimoyomoyo kwamba mke wake, mwanamke aliyejipaka wanja hata siku ya mafuriko, hatatazamwa tena kwa jicho lile. Kwa hiyo upande wa pili wa ukuta mama alilala macho wazi, akisikiliza vijiko vikigonga vikombe na watu wakicheka kwa kujizuia, kwa heshima ya usingizi ambao hakuwa nao.

Jioni moja, Fundi akiwa anamlisha uji, mama alikisogeza kijiko kando kwa mkono wa kushoto.

"Fundi, ukuta huu umenichosha," alisema. "Nasikia watu, siwaoni."

Sasa, fundi ukimwambia jambo, yeye husikia kazi. Huyu hakusikia watu, alisikia ukuta. Aliinuka na bakuli mkononi, akaugonga kwa vifundo vya vidole hapa na pale, akatega sikio, akatikisa kichwa kama daktari. Aliwahi kutengeneza kiyoyozi kwa daktari wa meno ambaye pale mapokezi alikuwa na tangi la samaki wa baharini limeingizwa ukutani, na watu waliokuwa wameshika mashavu walisahau maumivu wakilitazama. Kama samaki wanaweza kutuliza jino, aliwaza, watashindwa nini na ukuta?

Binti yao, mwalimu wa shule ya msingi aliyerudi kukaa nao mama alipougua, alisikiliza mpango wote huku anasahihisha madaftari. Kisha akauliza kwa upole kama mtu anayeweza kutoboa ukuta hawezi kupanua mlango, ili kiti cha magurudumu kipite, maana wembamba wa mlango ndio kisingizio walichokuwa wakipewa kila siku cha mama kutotoka chumbani. Akauliza pia kama mama mwenyewe ameulizwa.

"Mgonjwa haulizwi uji," baba yake akamjibu, na mjadala ukafa hapo.

Mama akahamishiwa chumba cha binti kwa sababu ya vumbi, akaambiwa asichungulie, jambo ambalo asingeliweza hata angetaka. Fundi akaegemeza nguzo za mbao, akatoboa ukuta, akaweka boriti ya zege juu ya tundu ili nyumba isije ikamwangukia. Vioo vililetwa vimefungwa kwa mablanketi, vinene kuliko kidole, akaviunganisha kwa silikoni. Alijaza maji ya bomba kwanza kupima, na kona moja ikalia machozi siku nzima. Akamwaga, akakwangua silikoni yote, akaanza upya. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyakoga, na huyu alikuwa ameshavua kila kitu.

Chini ya tangi alijenga kabati, ndani yake akaweka tangi la pili dogo lisiloonekana, lenye pampu ya kupandisha maji juu na mashine ya kutengeneza povu linalotoka na uchafu. Akakoroga chumvi kwenye mapipa, akipima kila saa, mpaka binti akasema hata supu ya nyumba hii haijawahi kupewa heshima hiyo. Mama mmoja mwenye duka la samaki wa mapambo ndiye aliyemfundisha. Alimwambia mawe yatangulie, na maji yaachwe wiki nyingi yaive, ndipo viumbe waingie. Akamwonya pia asitie kitu chochote cha metali ndani ya maji, hata msumari. Fundi akaitikia. Kutu hiyo, alijisemea, nani asiyeijua kutu?

Ilipofika zamu ya mawe, aliyapanga katikati ya tangi kwenda juu, kilima kizima, karibu kiguse uso wa maji. Mwenye duka alimuuliza kwa nini marefu hivyo. Alijibu kwamba matumbawe yanapenda kuwa karibu na taa, na ni kweli yanapenda. Lakini hiyo haikuwa sababu. Alitaka mama awaone samaki na wageni wawaone samaki, na mgeni asimwone mama. Lile lilikuwa pazia la mawe, na alilipanga kwa mapenzi, jiwe juu ya jiwe.

Basi likabaki joto. Taa zilichemsha maji, na matumbawe hayapendi maji ya kuoga. Hapo Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi, maana sasa walikuwa wameingia kwake. Alitoa mtambo wa friji kuukuu, akakunja bomba refu la shaba mizunguko mingi mfano wa chemchemi ya godoro, akalisugua likawaka, akalizamisha kwenye lile tangi la chini. Maji yakapoa. Alilitazama bomba lake kwa muda, kisha akafunga kabati.

Siku mama aliporudishwa chumbani, Fundi alikuwa amelifunika tangi kwa shuka. Alipolivuta, mwanga wa buluu ukamwagikia kitandani. Matumbawe yalikuwa yamefunguka, yanapepea, kamba wadogo wenye mistari walitembea juu ya mawe na konokono walilamba kioo. Mama akasema ni pazuri, na alimaanisha. Kabla ya siku mbili kwisha kila samaki alikuwa amepata cheo. Mnene wa manjano alikuwa mkuu wa posta, kwa sababu hafanyi kazi na anafukuza wenzake. Yule mwembamba asiyetulia alikuwa mpeleka barua.

"Na nyuma ya mawe kuna nini?" aliuliza.

"Sebule."

"Ah," alisema mama, na hakuuliza tena.

Wa kwanza kufa alikuwa konokono. Mama, ambaye macho yake hayakuwa na kazi nyingine, alimwona akibanduka kwenye kioo na kuanguka chali. Kisha kamba wakaanza kutembea upande upande kama walevi, na matumbawe yakajikunja, yakakataa kufunguka hata taa ilipowaka. Alimwita Fundi, Fundi akapima chumvi, akakuta iko sawa. Akaamua ni uchafu. Akalitoa bomba lake la shaba, akalisugua upya kwa kitambaa na mchanga laini mpaka likang'aa kuliko mwanzo, akalirudisha. Alifanya hivyo kila jioni. Kadiri alivyolisugua, ndivyo walivyokufa.

Mwenye duka alipokuja kutazama, alipitisha macho kwenye tangi. Akapiga magoti, akafungua kabati.

"Hii nini, baba?"

"Shaba," alisema Fundi. "Safi kabisa. Haina kutu hata chembe."

Yule mwenye duka alikaa sakafuni. Alimweleza taratibu, kama mtu anayetoa habari ya msiba, kwamba kutu si tatizo kubwa. Shaba ndiyo tatizo. Maji ya chumvi huila kidogo kidogo, na kidogo hicho ni sumu kwa konokono, kamba na matumbawe. Samaki wanaweza kuvumilia, hao wengine hapana. Na kila unapoisugua, unaifungulia upya njia ya kuyeyukia majini. Mawe nayo yameshainywa, kwa hiyo yote yatoke, na maji yote yamwagwe. Aliwachukua mkuu wa posta na mpeleka barua kwenye ndoo ili akawatunze dukani, akaondoka.

Fundi aliumia kuliko alivyoonyesha. Kufa kwa viumbe kulimuuma, ila aliyeumwa zaidi ni yule kijana wa zamani ndani yake, aliyeamini kwamba akikitunza kitu kwa shaba yake kitaishi. Alikuwa amewaua kwa kitu alichokiamini kuliko vyote, tena kwa kukisafisha.

Asubuhi iliyofuata aliingiza mpira wa maji tangini na kuyaelekeza bafuni. Maji yakashuka. Akapanda kwenye kigoda upande wa sebule, akazamisha mkono hadi begani, akatoa mawe moja moja na kuyatia kwenye ndoo. Binti alikuwa mezani na madaftari yake. Kilima kikapungua, kikawa kichuguu, kikaisha. Fundi alikuwa ameinama anafuta matone sakafuni wakati mlango wa mbele ulipobishwa, akaingia mmoja wa makarani wa zamani wa posta na mfuko wa machungwa. Akamuulizia mgonjwa.

"Amelala," Fundi alisema, kwa mazoea.

Mgeni alinyoosha shingo. Alikuwa anatazama juu ya bega la Fundi. Fundi akageuka. Ndani ya kioo kitupu, umeegemea mito, uso wa mkewe ulikuwa unawatazama, macho wazi, mkono wa kushoto umeinuliwa anapunga. Binti naye alikuwa ameinuka na kiti chake, anakisogeza kwenye kioo. Yule karani akaweka machungwa chini, akaenda moja kwa moja hadi ukutani, akabandika kiganja chake kwenye kioo, akaanza kuongea na kucheka kwa sauti, bila kujizuia. Fundi alibaki na kitambaa mkononi. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio.

Mgeni alipoondoka, Fundi aliingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Ulinificha, Fundi," mama alisema.

Fundi alisema alitaka kumkinga. Hakutaka wamwonee huruma.

"Waache waone. Huruma ya siku moja itaisha, siku ya pili watanipa umbea." Alipumzika kidogo, maneno marefu yalimchosha. "Uji usiniulize, sawa. Lakini watu wangu, uniulize."

Fundi Friji akalia, na mkewe akamwacha alie, akimpigapiga mgongoni kwa mkono ule mmoja.

Wiki hiyo hiyo alishika nyundo akapanua mlango. Binti alipita mara tatu katika vumbi lile lote bila kumkumbusha nani aliyesema kwanza, na kimya hicho kilikuwa cha makusudi. Tangi nalo halikuachwa. Lilisuuzwa na kusuuzwa tena, maji mapya yakakorogwa, na mashine ya kupoza safari hii ilitoka dukani, haina shaba inayogusa maji. Mtaa ulipata la kusema mwezi mzima: fundi friji kanunua baridi! Mawe mapya yalipofika, aliyabeba hadi mlangoni mwa chumba na kumuuliza mkewe yakae wapi.

"Pembeni," mama alisema. "Na yasipande."

Siku mkuu wa posta na mpeleka barua waliporudishwa, binti alimpaka mama yake wanja. Upande wa sebule Fundi alikuwa amechuchumaa, anafuta alama ya mwisho ya kidole kwenye kioo. Maji yalikuwa maangavu kabisa katikati, na ng'ambo alimwona mkewe amekaa wima, anamtazama. Aligonga kioo kwa kifundo cha kidole.

"Stempu zipo?" aliuliza, akitamka vizuri ili midomo isomeke.

Mama hakuwa na haraka. Alimtazama kuanzia utosini, kama anavyotazamwa mteja msumbufu, na mdomo wake ukapanda upande ule mmoja unaopanda.

"Dirisha limefungwa," alisema. "Rudi kesho."

Fundi akavuta kiti, akakaa pale pale kwenye foleni.