Binti Aliyenitafsiria Shuleni

Haya jamani, mliokaa hapo kwenye makreti, sogeeni. Na wewe mwenye mdomo wa kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana hii siyo ya kucheka. Najua mnaniita muongo. Ile ya nyoka wa Kigoma aliyemeza baiskeli, sawa, baiskeli niliiongeza mwenyewe. Lakini hii ya shule ya sekondari haina chumvi hata punje.

Mnanijua, kushona viatu naweza, Kiingereza sina. Nina "eish" na "sharp", maneno ya mtaani ya huku ugenini, basi. Kwa hiyo wazazi tukiitwa shuleni, mwanangu Juma ndiye mkalimani wangu. Mwalimu wake, mama mmoja wa Kizulu, anaongea mpaka mate yanamkauka, mikono inaruka kama anafukuza nyuki. Namuuliza Juma, "Kasemaje?" Ananijibu, "Baba, anasema hujambo."

Hujambo gani hiyo ya nusu saa? Muhula mwingine, eti anasifia kipaji chake cha mpira. Lakini nikaamini. Wewe ungefanyaje?

Basi mwaka ule wa kukatika umeme, baridi ya Juni, tukaitwa tena jioni. Juma akasema tumbo linamuuma. Nikaenda peke yangu. Nakaa tu mbele ya mwalimu, taa zikazimika shule nzima. Akawasha tochi ya simu, akaanza kuongea. Mimi natikisa kichwa kama mjusi.

Ndipo kwenye kiti cha pembeni nikamwona binti wa shule, mwembamba, mikono kaificha ndani ya sweta. "Shikamoo baba. Nikutafsirie?"

Kiswahili safi! Watoto wa huku ukiwasalimia Kiswahili wanakujibu Kizulu. Nikafurahi, nikasema marahaba mwanangu, Mungu kakuleta.

"Mwalimu anasema Juma anazimia uwanjani. Anahofia moyo. Umpeleke hospitali haraka. Alikwambia hata muhula uliopita."

"Muhula uliopita si alisema mwanangu ana kipaji cha mpira!"

"Ndivyo sisi watoto tunavyowaambia wazazi," akasema taratibu. "Ukienda hospitali unafunga kibanda chako cha viatu siku nzima, mtakula nini? Mama yangu anauza mboga. Mimi nilimwambia mama kwamba mwalimu anasifia mbio zangu."

Niaminini: kwa baridi ile, mimi na mwalimu tulikuwa tunatoa moshi mdomoni kama majiko mawili. Yule binti anaongea, hatoi kitu.

Umeme ukarudi. Kiti kitupu.

Nilitoka mbio. Mwalimu akanifuata mpaka getini, akamwambia jambo mlinzi, Mkongo mmoja wa Uvira. Mlinzi akanigeukia: "Papa, madame anauliza, sababu gani ulikuwa unasemeshana na kiti?"

Nikamweleza binti alivyo. Mlinzi akavua kofia. "Huyo alianguka kwenye mashindano ya mbio mwaka jana, papa. Tulimzika."

Kesho yake nilifunga kibanda. Moyo wa Juma ulikuwa mbovu kweli; daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungelia. Sasa anameza vidonge, yupo. Lakini mimi siku hizi nikisikia "niko sawa, baba", siamini. Akilala naenda kumwekea sikio kifuani.

Nyie wenye watoto, tafuteni mtu mzima awatafsirie. Mtoto akikuonea huruma atakudanganya mpaka kaburini.

Usiku ule niliotoka shuleni, nilipomsimulia mama Juma, hakuniuliza hata kama nimelewa. Akaropoka:

"Sasa siku yule binti alipoanguka, nani alimtafsiria mama yake?"