Kura ya Bingo

Majuzi, kwenye foleni ya chanjo ya korona mtaani Granville, huku ugenini, muuguzi alipoanza kuandika majina yetu, nilikumbuka alasiri moja ya utotoni, tulipokuwa wageni huku.

Ukumbi wa kanisa ulinukia maandazi. Waumini walikuwa wakipiga kura kama kanisa liandae bingo, mchezo wa bahati nasibu, ya kuchangia wagonjwa.

"Wanaoitaka wainue mikono," alisema mzee wa kanisa, akaanza kuandika majina.

Katika kambi ya wakimbizi tulikotoka, walioandikwa majina walipandishwa lori kurudishwa kwenye vita, hatukuwaona tena. Mama akainua mkono. Nikaning'inia kwenye mkono huo kwa nguvu zote.

"Mama, shusha! Watakurudisha!"

"We mtoto, niache! Ni bingo tu!"

Alipojinasua, mzee alikuwa ameshampita bila kuandika jina lake. Bingo ilikataliwa kwa kura moja. Njia nzima hadi nyumbani Merrylands nilishikilia kitenge cha mama, nikiamini nimemwokoa.