Mawe ya Manjano ya Soko la Muyinga

Aliyemnunulia mama yake yale mawe ni mume wangu, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Mimi nafundisha kemia katika shule ya sekondari hapa Muyinga. Tunalala nyumba moja, tunakula sahani moja, naye akaona heri amsikilize mchuuzi.

Mama mkwe anaishi Bugendana, upande wa Gitega, na pumu anayo tangu zamani. Likizo ilipofika nilikwenda kumsaidia kuvuna maharagwe. Nilifika mchana, nikakuta mlango umefungwa na matambara yamesokomezwa chini yake. Kabla sijabisha hodi, harufu ikanichoma puani, kali, kama mtu amewasha boksi zima la viberiti kwa mpigo. Nikausukuma mlango. Mama alikuwa amejifunika shuka kichwani, ameinamia chungu cha makaa, anakohoa hadi mwili unatetemeka.

"Niache, mwanangu," alisema kwa shida. "Wamesema nivumilie. Moshi unatoa ugonjwa."

Nilimkokota nje hadi migombani. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Majirani walimbeba kwa machela kupanda na kushuka vilima mpaka kituo cha afya, nami nikikimbia nyuma yao. Pumzi ilimrudi jioni, kidogo kidogo.

Niliporudi kufunga nyumba, niliyaona mawe yaliyobaki, yamefungwa kwenye karatasi. Yalikuwa mazuri, na uzuri ule ulinizidishia hasira. Ilikuwa salfa halisi ya volkano. Kule Kongo, pale mlima unapopumua kupitia nyufa zake, gesi ya moto inatoka, inakutana na hewa baridi, na salfa inaganda kwenye midomo ya matundu, sindano juu ya sindano, manjano kama kiini cha yai. Ninayafundisha haya kila mwaka kwa kuchora ubaoni, kwa sababu shule haina hata kipande kimoja. Na sasa nilikuwa nimeshika kipande, kimemfikia mama mgonjwa badala ya wanafunzi.

Mume wangu alijitetea kwenye simu. "Yule mchuuzi alisema imetoka kwenye mdomo wa volkano. Nikajua ina nguvu."

"Ina nguvu, ndiyo! Nusura imuue mama yako. Mimi ulishindwa kuniuliza?"



Siku ya soko nilimkuta mchuuzi Muyinga, mawe kayapanga juu ya kitambaa cheusi yang'ae. Nilimweleza yaliyotokea. Hakushtuka hata kidogo.

"We mama, mi niko nauza dawa. Kama huyo mzee alikuwa na kifua mbaya, hiyo si makosa yangu."

"Nani alikwambia wachome ndani, mlango umefungwa?"

"Wenye walinileteaka hii mawe. Na watu iko inapona."

Wanawake wawili walikuwa wanachagua vipande. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, anayekorota kwa kila pumzi. Hapo sikuweza tena kuondoka. Nilichuma ua jekundu kwenye uzio wa nyumba iliyo karibu, nikaomba chupa ya mdomo mpana kwa muuza asali, nikalichovya ua majini na kulitumbukiza chupani. Kisha nikawasha punje ya jiwe la mchuuzi kwenye kijiko, nikaishusha ndani ya chupa, nikafunika.

"Tazameni," nikasema.

Watu walijaa. Ua lilianza kupauka kwenye kingo, kisha petali zikawa na madoa meupe, kisha wekundu ukaisha kabisa.

"Hilo ni ua," nikamwambia yule mama. "Fikiria kifua cha mtoto."

Alirudisha jiwe juu ya kitambaa. Mchuuzi akanifokea kwamba namharibia kazi, akakunja vitu vyake akaenda zake. Juma lililofuata nikasikia yuko Butihinda, anawauzia watu waliorudi kutoka Tanzania, watu wangu hasa, niliokua nao huko kwenye kambi ya wakimbizi. Nilipeleka taarifa kwenye ofisi ya afya, pamoja na yale mawe yaliyobaki. Karani alinusa jiwe, akacheka, akaniuliza kama naweza kumwachia moja aweke mezani kama pambo.

Sikumwachia. Jumamosi nilipanda kwenda Butihinda na chupa yangu na ua jekundu, na Jumamosi iliyofuata pia. Mama mkwe hawezi tena kupanda hadi shamba lake la juu. Maharagwe ya kule sasa anayalima mwanawe, mume wangu, kila likizo, na sijamsikia akilalamika.