Uso Mzima, Mkono wa Zambarau

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nikisoma uchoraji jioni, Walthamstow, London, baada ya zamu yangu ya wodini. Mwalimu alitufundisha habari za Waamerika waliokwenda Paris kujifunza ule mtindo wa Kifaransa wa kuchora mwangaza kwa madoa ya rangi mbichi. Walirudi nao kwao, lakini, alisema, wengi walikataa kuyeyusha watu. Nyasi, maji na nguo waliviacha vivunjikevunjike jua lilivyopenda. Uso waliuchora mzima, mtu ajulikane ni nani. Niliwapenda papo hapo. Mimi nililelewa nikiambiwa kuiga ni aibu, na hawa waliiga bila haya, wakachukua walichotaka, kingine wakakiacha hukohuko.

Mama alikuwa amekuja kunitembelea kutoka Mombasa, na viza yake ilikuwa inakaribia kwisha. Nikaazimia kumchora kwa mtindo huo, aipeleke picha kwa baba waitundike sebuleni. Kulikuwa na joto la ajabu kwa London, hata mama, asiyeacha mikono mirefu hata akiwa jikoni, akakubali kuketi uani na gauni langu lisilo na mikono. Uso nikaupaka maji ya kunde, rangi yake hasa, nikautunza kama yai. Begani na mkononi, palipoangukiwa na kivuli cha ukuta, nikaachia madoa ya zambarau na kijani, maana tulifundishwa kwamba kivuli si cheusi.

Nilimgeuzia turubai nikiwa nimejaa maringo, nangoja sifa. Mama alitazama, mdomo ukamcheza.

"Nani kakwambia?"

"Kuniambia nini, mama?"

"Uso hakuugusa hata siku moja. Ni hapa, na hapa." Kidole chake kilipita juu ya zambarau bila kuigusa. "Baba yako alijua pa kupiga."

Baba yangu, aliyekuwa akinibeba mabegani kwenda kanisani! Nikamweleza mama kwamba ni kivuli tu, ni mtindo, kisha nikajisikia nasema upuuzi. Nikamwambia harudi, atakaa nami, nitamtafuta wakili kesho.

Alikuwa bado anaitazama picha.

"Nipake maji ya kunde hapo, mwanangu," akasema. "Akiiona hivi, atadhani nimesema."