Sukari Ilishuka, Buluu Ikapotea

Kwenye gereji walimwita Jicho. Kwa miaka ishirini na miwili alichanganya rangi za magari bila kufungua kitabu. Anapaka kipande cha bati, anakipeleka kivulini, anakiweka ubavuni mwa gari, anaitikia kwa kichwa. Akishaitikia, hakuna anayeuliza. Shemeji yake, mpiga rangi, aliwahi kumbishia mara tatu, na mara zote tatu akaumbuka. Akaacha.

Kisukari alikuwa nacho mwaka wa kumi na moja na walishazoeana. Ndipo daktari mpya wa kliniki akataka mambo yaende kisasa: sindano za insulini kutoka moja kwa siku hadi nne, na kidole kutobolewa kabla ya kila mlo. Mkewe akashika usimamizi kama askari wa lango.

"Baba, kidole."

"Si nilikupa asubuhi?"

"Hicho kimeshamaliza zamu. Lete kingine."

Sukari ikashuka kama iliyosukumwa kutoka darini. Mwezi wa tatu daktari akamsimamisha mbele ya wagonjwa kwenye benchi: mtazameni huyu. Wakamtazama. Yeye pia akawatazama, ingawa kwa ukungu kidogo, jambo ambalo hakuna aliyemuuliza.

Wiki hiyohiyo likaletwa gari la buluu, mlango wake upakwe upya. Jicho akachanganya, akapaka bati, akaenda kivulini, akaitikia. Shemeji aliona kijani, wazi kabisa. Akakumbuka alivyoumbuka mara tatu, akaupiga rangi mlango mzima.

Mwenye gari alilizunguka mara mbili. "Huu mlango ni wangu, au mmeniazimia?"

Daktari wa macho alimmulika Jicho, kisha akauliza kama macho yalipimwa kabla ya sindano kuongezwa. Hayakupimwa. Akaeleza kwa upole kwamba sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa kwa kasi, retina, ule utando wa nyuma ya jicho, huweza kuumia zaidi kwanza. Miaka ikipita, matibabu hayohayo huyalinda macho.

"Yatakayobaki," alisema Jicho.

"Sindano usiache, mzee wangu."

"Nitaachaje? Mimi ndiye mfano."

Bado anachanganya. Anapaka bati, anakwenda kivulini kwa mazoea tu, kisha anampa shemeji. Jana shemeji alikishika kipande muda mrefu kuliko rangi yoyote inavyostahili.

"Imekaa," akasema.

"Umeangalia bati, au umeniangalia mimi?"

Shemeji akawasha mashine ya kupulizia, ambayo ina kelele sana.