Shangazi Alipolikanda Goti la Chuma

Mnaonipita hapa Maili Moja nikikaanga vitumbua nimesimama, hebu nisikilizeni. Zamani nilikuwa mtu wa mbio. Mteja akinitukana, namfuata hadi anapopandia gari. Kisha goti la kulia likaanza kusaga, likavimba, mguu ukapinda. Kuchuchumaa chooni ikawa adhabu. Nilikuwa naingia nalia, natoka nalia.

Nikapelekwa kubadilishwa goti. Daktari, mama mmoja mpole, alinionyesha mfano wake: chuma cha upande wa paja, chuma cha upande wa muundi, katikati plastiki ngumu nyeupe.

"Kinacholika taratibu ni hii plastiki," alisema. "Ukiitunza, utakaa nalo miaka mingi. Ila jeraha lisiguswe wala lisilowe. Adui wa goti hili ni vijidudu."

Nilirudi nyumbani mshono haujakauka. Shangazi yangu akaja kutoka Vihingo kuniuguza. Yeye ndiye aliyenikanda nilipojifungua wanangu wote, na mkono wake nauamini. Akachemsha maji, akachovya kitambaa, akabonyeza goti. Nilipiga kelele.

"Shangazi, daktari amekataza!"

"Daktari kakuzaa? Vumilia, damu mbovu itoke."

Mkubwa akishasema hivyo, unabishana naye vipi? Akakanda asubuhi, akakanda jioni.

Haikupita wiki, nikaanza kutetemeka kwa homa. Goti lilikuwa la moto, ngozi imewamba, na usaha ukachuruzika katikati ya mshono. Ulinuka. Shangazi akainuka kuinjika maji tena. Hapo niliogopa kweli, nikapiga ukelele hadi majirani wakaja kunibeba kunipeleka hospitali.

Daktari hakunigombeza.

"Vijidudu vikishashika chuma, dawa peke yake haivitoi," alisema. "Tutafungua, tutasafisha, tutaweka plastiki mpya. Chuma kikiwa bado kimeshika mfupa, tutakiacha. Vijidudu visipoisha, tutakitoa."

"Na mguu je?"

"Tumwombe Mungu, mama."

Wakafungua, wakasafisha, kisha nikachomwa sindano mpaka mishipa ikajificha. Kila asubuhi nilitazama bandeji kabla ya muuguzi: imelowa au imekauka? Shangazi alikaa pembeni na tasbihi, hali chakula. "Nimekuua, mwanangu," alisema. Nikamjibu, "Maiti gani anayeomba uji?" Alicheka huku analia, nami nikalia.

Bandeji ikaja kukauka. Daktari akalikunja goti polepole, akasema, "Chuma kinabaki." Shangazi alipiga vigelegele mpaka akatolewa wodini.

Alhamdulillahi, leo natembea. Ninaswali kwenye kiti, na mteja mkorofi sasa namwacha aende. Nawaombeni, mliowekewa goti: likiwa la moto au likitoa majimaji, nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na mkubwa wako akija na maji yake, mwambie hapana, kwa adabu lakini mwambie. Atanuna, kisha atapoa. Usaha haupoi wenyewe.