Mnara wa Kulia, Mnara wa Kushoto

Niliondoka Tanga kwa sababu ya picha. Nafundisha uchoraji shule ya sekondari, na kwa miaka kadhaa nilikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, hadi wanafunzi wakawa wananitajia rangi zilizomo vikoponi. Nilipofanyiwa upasuaji nikaona tena, dada yangu Zuhura, anayeuza vitambaa mtaa wa Fordsburg huko Afrika Kusini, alinipigia simu.

"Njoo Johannesburg. Kuna jumba la sanaa limeleta picha za Waingereza wa zamani, mito na magofu, zile unazozipenda. Fanya haraka, karibu zinaondoka."

Ndegeni nilikaa dirishani, nikamchosha abiria mwenzangu kwa kumwonyesha mawingu ya rangi ya waridi. Alikubali mara mbili, kisha akajifanya amelala.

Johannesburg Zuhura alinipokea na koti mkononi, maana baridi ilikuwa kali. Njia nzima nilipiga kelele: mapaa mekundu, nyasi za dhahabu! Tuliposimama kwenye roboti, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani huko, nikaishangilia ile nyekundu.

"Eish, Rehema," dada akasema, "kijani ikiwaka si utazimia?"

Asubuhi iliyofuata tulikuwa wa kwanza mlangoni. Katika chumba cha mwisho nilizikuta picha mbili ndogo za mchoraji mmoja aliyeishi miaka kama mia mbili iliyopita. Ukingo uleule wa mto aliuchora kwa rangi za maji, kisha akauchonga kwenye bamba la shaba na kuuchapa kwa wino. Mto umetulia, ng'ombe wanakunywa, mnara uliobomoka umevikwa mimea, na jua limepita juu ya maji kwa weupe wa maziwa. Nilicheka peke yangu kwa raha.

Ghafla kicheko kikakatika. Kwenye picha ya rangi mnara ulikuwa kulia. Kwenye ile ya wino ulikuwa kushoto. Nikafumba macho, nikafumbua. Vilevile. Nilidhani macho yameanza tena kuniponyoka.

"Dada," nikamshika mkono, "mnara uko upande gani?"

"Kulia."

"Na kwenye hii nyingine?"

Akasogea, akarudi, akasogea tena. "Kushoto. Huyu mchoraji alikuwa mzima kweli?"

Nikamkumbatia katikati ya ukumbi. Mistari ikichongwa kwenye shaba na karatasi ikagandamizwa juu yake, picha hutoka imegeuka kama uso kwenye kioo. Nalifundisha jambo hilo kila mwaka! Hofu ilikuwa imelifuta kichwani. Tulicheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama tuna shida. Zuhura akamvuta amwonyeshe.

"Eish!" mlinzi akasema. "Nasimama hapa kila siku!" Akaanza kucheka naye.

Mchana dada hakutaka kurudi dukani. "Twende ukachore mto."

"Johannesburg kuna mto?"

"Upo. Ila usitegemee ng'ombe."

Akanipeleka kwa gari mpaka mitaa ya mashariki, bondeni, ambako mto Jukskei hutokea chini ya mji ukiwa mwembamba kama mfereji, umebanwa na kuta za saruji. Nikachota maji yake kwa kifuniko cha chupa, nikalowesha rangi nilizobeba, nikachora. Zuhura alisimama nyuma yangu akitoa amri: "Weka na lile tairi. Na mfuko ule!" Mwishowe akaniomba brashi. Mti wake ulifanana na kuku. Tulicheka hadi tukakaa chini.

Nimerudi Tanga. Nilidhani raha ya kuona ni kuwa na macho mazima tu. Siku ile ukumbini nilijua kwamba raha kubwa zaidi ni kuwa na mtu kando yako wa kumuuliza anaona nini.

Juzi dada alinipigia simu, upepo ukivuma kwenye simu yake. Alikuwa bondeni peke yake, amefunga duka mapema, amejinunulia rangi zake mwenyewe.

"Rehema," akasema kwa pupa, "maji haya nilidhani ni ya kijivu, kumbe sivyo kabisa! Hebu niambie upesi, zambarau inachanganywaje?"